Mbwa hagombei ukubwa wa nyumba

Hapa Tabora bado tunaambiwa mbwa asipochapwa atajiona mkubwa wa nyumba. Si kweli, na inaniuma kuona mtoto wa mbwa akipigwa kwa sababu hiyo. Wafunzaji wengi wa Ulaya na Marekani waliegemea utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, uliohusu mbwa mwitu wa kijivu (wolf) waliofungiwa pamoja Basel, Uswisi, wakigombea ukubwa; wakadhani mbwa wa nyumbani naye yu hivyo. Lakini mwaka 1999 David Mech, mtafiti wa wanyama hao, alieleza kwamba porini kundi lao kwa kawaida ni familia: wazazi na watoto wao.

Mtazame mbwa wa mchungaji akirudi na ng'ombe jioni, sikio moja kwa bwana wake, akingoja mluzi. Akitii, mpe tonge la ugali papo hapo. Ukichelewa, hataelewa anatuzwa kwa lipi.