Uturi una msimu wake: ninavyonunua na kupima manukato ya Kannauj

Kila Machi ikikaribia kwisha huingia ujumbe kwenye simu yangu kutoka Kannauj, mji wa kale ulio jirani na mto Ganges, jimbo la Uttar Pradesh huko India. Ujumbe wenyewe hauzidi mstari mmoja: mawaridi yameanza. Unatoka kwa nyumba ya familia, baba na wanawe, wasio na kampuni kubwa nyuma yao wala matangazo. Wanachokeneka, yaani wanachopika kwa mvuke, mwezi huu ndicho wanachouza, na kikiisha ni mpaka mwakani.

Mimi nauza na kupima manukato hapa Unguja. Wateja wangu, hasa mama wanaojiandaa kuoza binti zao, huniuliza kwa nini siagizi kila kitu kwa mkupuo mmoja nikaokoa gharama ya kusafirisha. Nimeona nijibu swali hilo hapa kwa kirefu, kwa sababu anayeelewa jibu hilo ataelewa pia jinsi ya kuujua uturi mzuri.

Kwanza tazama unavyopikwa. Chungu kikubwa cha shaba, wao hukiita deg, hujazwa maua na maji, kisha mfuniko wake huzibwa kwa udongo uliochanganywa na pamba ili mvuke usipate pa kutokea. Unabaki na njia moja tu, mwanzi uliozongwa kamba, unaoshuka hadi kwenye tungi la shaba liitwalo bhapka, lililozamishwa nusu kwenye birika la maji baridi. Ndani ya tungi hilo kumeshatiwa mafuta ya sandali. Mvuke wa maua ukifika pale unapoa, harufu inaingia kwenye sandali, maji yanajitenga chini. Siku ya pili huletwa maua mapya, sandali ni ile ile. Siku ya tatu vivyo hivyo, na kuendelea, mpaka sandali ishibe. Hakuna kipimajoto. Mpishi hushika tungi kwa kiganja, husikiliza mvuke ndani ya mwanzi, huongeza au hupunguza kuni.

Kwa hiyo ua lazima liwe la leo. Waridi huchumwa kabla jua halijachomoza, kwa sababu joto likipanda harufu yake inapungua na ua halingoji. Ndiyo maana kila uturi una miezi yake: waridi ni Machi na Aprili, bela, yaani asumini, huja na joto kali, uturi wa udongo hupikwa mwishoni mwa kiangazi chao kabla ya mvua za masika ya India, na kewra, ua la jamii ya mkadi, huja na mvua zenyewe. Baridi ikiingia huwa ni zamu ya uturi wa hina na ule wa viungo uitwao shamama. Nikiagiza vyote Januari, nitaletewa vyote, lakini baadhi vitakuwa masalio ya mwaka jana, na vingine, niseme wazi, vitakuwa vimechanganywa ili oda itimie.

Kwenye orodha yao kuna maneno mawili ambayo Mswahili hahitaji kamusi kuyaelewa. Attar ni uturi wetu huu huu. Sisi na wao neno hilo tumelipata kwa Waarabu. Ruh ni roho. Uturi umebebwa na sandali, ilhali roho ni mafuta ya ua peke yake. Roho ya waridi hula kilo 3,000 hadi 5,000 za maua kwa kilo moja ya mafuta, kwa hiyo mimi huchukua gramu tatu tu, na hizo ni za bibi harusi ambaye mama yake ameshaniambia mapema.

Sasa nizungumzie sandali, maana ndiyo inayoniumiza roho kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Mafuta ya sandali ya Kihindi huuzwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe: kichupa cha mililita 10 cha uturi wa kweli kina sandali ya dola 10 kabla hujahesabu ua hata moja, wala kuni, wala jasho la mtu. Ukiuziwa kichupa hicho kwa dola 3, kilichomo ndani ni kitu kingine. Mara nyingi huwa ni mafuta ya madini, aina ile ile ya mafuta ya watoto, au kimiminika cha kiwandani kiitwacho DOP, ambacho hakina harufu, hakina rangi, na hutumika kulainisha plastiki. Mwaka wangu wa pili katika biashara niliuziwa nusu lita ya namna hiyo na dalali ambaye nilimwamini. Uturi wa waridi, alisema. Saa ya kwanza ulinukia vizuri kweli. Ilipofika adhuhuri mkononi palibaki mafuta tu, mazito, yasiyosema lolote. Niliwarudishia wateja wote pesa zao, na tangu siku hiyo sijauza kitu ambacho sijakipima hadi asubuhi ya pili.

Watu hunitumia video za kupima uturi kwa kuudondosha kwenye spiriti. Kipimo hicho kinafaa nusu. Mafuta ya madini hayachanganyiki na spiriti, utayaona yamejitenga. DOP inachanganyika kama sandali inavyochanganyika, kwa hiyo itapita. Kipimo ninachokiamini ni muda. Ua likishaondoka, baada ya saa nne au tano, sandali inapaswa kujitokeza: laini, tamu kidogo, kama maziwa yaliyochemshwa karibu na mbao mpya. Ikiwa ua limeondoka na nyuma yake hakuna kitu, umeuziwa mbebaji bubu.

Na tafadhali tusijidanganye kwamba msandali wetu wa Afrika Mashariki ni ule ule. Mti huo ni Osyris lanceolata, jamaa wa mbali. Umekatwa na kung'olewa na mizizi yake hadi Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa ikawekewa udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Atakayekuletea mafuta yake ya bei rahisi bila karatasi, mwache aende nayo.

Turudi kwenye misimu. Bela nitaipita haraka, kwa sababu ni asumini yetu hii hii ya vikuba, na hakuna mwanamke wa pwani anayehitaji mimi nimwelezee asumini. Nitasema tu kwamba ya Kannauj ina ukijani kidogo mwanzoni, kama shina lililokatwa sasa hivi, na kwamba ni ya usiku. Ua lenyewe hufunguka usiku, na uturi wake nao ukiupaka mchana wa jua unachosha.

Uturi wa udongo ndio unaowashangaza watu. Huitwa mitti attar. Vipande vya udongo uliochomwa kidogo hutiwa kwenye deg badala ya maua, na mvuke wake huingia kwenye sandali kama kawaida. Kinachokusanywa ni harufu ya ardhi kavu inapopigwa na mvua ya kwanza. Wanasayansi Isabel Joy Bear na Richard Thomas wa Australia waliipa harufu hiyo jina la petrikori mwaka 1964, na wao wenyewe waliandika kwamba India ilikuwa tayari inaikeneka na kuiuza. Sehemu moja ya harufu hiyo hutokana na geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongo, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chembe ndogo mno.

Kichupa changu cha udongo hufika Julai au Agosti, wakati wa kipupwe, na mimi sikifungui. Nakiweka kabatini, gizani, kimefungwa kwa kizibo cha kioo. Uturi mpya huwa bado una harufu ya chungu na moshi. Zamani waliuhifadhi kwenye chupa za ngozi ya ngamia, kuppi, ili maji yaliyobaki yatoke taratibu kupitia ngozi. Sisi tuna subira tu. Mwaka jana nilikifungua siku mvua ya kwanza ya vuli ilipoanguka. Nilitoka uwanjani na tone moja nyuma ya kiganja, nikainama kwenye udongo wa kinongo uliokuwa unarusha vumbi jekundu kila tone linapogonga. Nilinusa ardhi, nikanusa mkono, nikarudia. Ardhi yetu ilikuwa kali zaidi, na chuma ndani yake. Mkono ulikuwa na kitu kingine ambacho nilikijua lakini sikukipatia jina, mpaka nilipoingia ndani na kuuona mtungi wa marehemu bibi pembeni mwa ukumbi. Ni mtungi mpya, siku unapotiwa maji mara ya kwanza! Maji yanapoanza kuunywesha udongo, na udongo unapumua. Hiyo ndiyo mitti. Nisingeliijua Agosti.

Ndiyo sababu siandiki maoni ya uturi siku unayofika. Huupa wiki moja utulie baada ya safari na joto la ndege, kisha huungojea msimu unaofanana nao hapa kwetu. Siku ya kupima sitii manukato mengine, sijifukizi udi, na naoga kwa sabuni isiyonukia. Tone moja kwa kijiti cha kioo upande wa ndani wa mkono, tone jingine kwenye kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa, maana ngozi na pamba havisemi mamoja. Sipimi zaidi ya aina mbili kwa siku. Wauzaji wengi huweka punje za kahawa za kusafishia pua. Mimi hunusa ndani ya kiwiko changu mwenyewe, penye ngozi tupu, na pua hurudi nyumbani. Halafu naandika kwenye daftari kwa saa.

Haya ndiyo niliyoandika juu ya kewra ya msimu uliopita. Saa 3 asubuhi: kali, inaruka puani, asali na kitu kama ganda bichi la nazi. Saa 4: bado inaruka. Nimefungua dirisha. Saa 6 mchana: asali imetulia, kuna unyevu wa majani yaliyokatwa. Saa 10 alasiri: sandali imeingia, sasa ndiyo nzuri. Alfajiri, kwenye kanga: tamu, nyembamba, safi.

Kewra ni ua la dume la mti wa jamii ya mkadi, na sehemu kubwa ya kewra ya India hutoka wilaya ya Ganjam, jimbo la Odisha, pwani. Mkadi wetu ni ndugu yake. Alasiri ile ile alipita jirani yangu, bi mkubwa aliyekuwa akiuza vikuba sokoni Darajani ujana wake. Nikampa mkono anuse bila kumwambia kitu.

"Mkadi huu," akasema papo hapo. Akanusa tena. "Lakini mkadi wa watu wengine. Wetu una chumvi."

"Chumvi, bibi?"

"Mwanangu, mti unaota pwani, unakunywa upepo wa bahari. Usiwe na chumvi kwa nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi kwenye daftari nikaongeza mstari: haina chumvi. Tangu hapo, mteja akiniuliza kewra kwa ajili ya kutia kwenye sanduku la kanga, namwambia kwanza atafute ua la mkadi, akikosa ndipo aje kwangu. Siku nyingine natamani mtu akeneke kilua chetu kwa njia hii ya deg. Ua hilo ni letu hasa, la pwani hii, hata mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipoliandika mwaka 1970 aliipa jenasi yake jina la Kiswahili: Mkilua. Mimi sijapata kuona uturi wake ukiuzwa na nyumba yoyote.

Kwa sasa niko kwenye shamama, uturi wa baridi. Huo hauna ua moja. Ni mizizi, magome, ukoga wa miti, iliki, zafarani na karafuu, makumi ya viungo vilivyopikwa kwa zamu kwa wiki kadhaa. Kule huvaliwa chini ya sweta na shali. Hapa nimeuwekea kipupwe, pepo za kusi zinapoifanya asubuhi iwe ya kujifunika, na hata hivyo mkononi ulinizidi, nikaunawa kabla ya adhuhuri. Kwenye kanga mambo ni tofauti. Nilitia tone Jumatano jioni. Alhamisi ilikuwa moshi na dawa ya kienyeji, nikadhani nimepoteza pesa. Ijumaa moshi ukapungua, zafarani ikajionyesha. Leo Jumapili, kipande kile kimelala juu ya meza ninapoandika, na kinachonukia ni karafuu, wazi kabisa, kama jamvi la Pemba siku ya tatu juani, na sandali iko chini yake. Bei sijaipanga bado. Kanga sijaifua.