Gosipiboma: hilo "boma" si maficho jamani

Wiki hii kaja tena mama mmoja na ripoti yake ya CT, zile picha za mashine zinazoonyesha ndani ya mwili, kaikunja mara nne kaishika mkononi, hata hajakaa vizuri ananiambia daktari mimi wamenifichia kitu tumboni. Nikamuuliza nani kakwambia umefichiwa, akasema mwanangu kalitafuta kwenye simu hilo neno gossypiboma lililo kwenye ripoti, wameandika hiyo boma ya mwisho imetoka kwenye Kiswahili na maana yake ni mahali pa kuficha, kwa hiyo walifanya makusudi. Hii si mara ya kwanza wala ya tano kuisikia na inaniuma kweli, maana mgonjwa anakuja na maumivu yake, halafu anabebeshwa hofu ya kurogwa au kuibiwa viungo kwa sababu tu ya tafsiri mbovu ya neno letu wenyewe.

Sasa tuelewane. Gossypiboma ni gozi, yaani kile kitambaa cha pamba cha kufyonzea damu, kilichosahaulika ndani ya mwili wakati wa operesheni. Jina limeungwa vipande viwili: gossypium, jina la Kilatini la mmea wa pamba, hata pamba yetu ya Shinyanga na Simiyu kitaalamu ni Gossypium hirsutum, na boma, la kwetu. Mpaka hapo sawa. Shida ni kwamba makala nyingi za udaktari zinaandika boma kwa Kiswahili ni mahali pa maficho, huyu kanakili kwa yule, na yule kanakili kwa mwingine, wanafunzi wanakariri, mwisho inamfikia mgonjwa.

Boma ni ukuta au uzio unaozunguka kitu. Boma la ng'ombe limezungushiwa miiba ili fisi asiingie. Boma la Mikindani Wajerumani walilijenga 1895 juu kilimani, mji mzima unaliona, na la Bagamoyo likafuata 1897, ndizo zilikuwa ofisi za serikali zenyewe, watu walikuwa wanaitwa huko kulipa kodi. Fundi akikwambia nyumba imefika boma maana yake kuta zimesimama bado kupaua, na kila anayepita anaiona. Kuficha kuna maneno yake, tunasema maficho, tunasema kachimbia. Hakuna anayejenga boma ili asionekane.

Na ukilichukua neno kwa maana yake halisi ndipo linapolingana na ugonjwa wenyewe. Mwili hauwezi kuisaga pamba. Ukiikuta ndani una njia mbili, ya kwanza ni kupigana nayo, kunakuwa na usaha, homa, maumivu, na hii huwa inajitokeza mapema. Ya pili ni kuizungushia ukuta wa nyuzinyuzi ngumu, kidogo kidogo, mpaka gozi linabaki limezingirwa kama ng'ombe zizini, na mtu anaweza kukaa miezi, hata miaka, anasikia tu kitu kinamvuta. Kwenye CT ule ukuta nauona kabisa: duara lenye ukingo mnene, ndani mikunjo mikunjo ya kitambaa na vipovu vya hewa vimenasa humo. Hilo ndilo boma. Nilimchorea yule mama nyuma ya bahasha ya picha zake, nikaanza na gozi katikati halafu nikazungusha kalamu mara nyingi nyingi, akaniangalia akasema "kwa hiyo huu ukuta nimeujenga mimi?" Nikamwambia ndiyo mama, mwili wako ulikuwa unakukinga. Aliyeacha gozi kakosea, kosa lake liko palepale na una haki ya kudai maelezo, ila kusahau ni kitu kimoja na kuficha ni kingine.

Wengine wanasema jina likiishia na oma ni kansa. Hapana. Hematoma ni damu iliyovilia, glaukoma na trakoma ni magonjwa ya macho, yote si kansa. Na kwanza hapa kama ni oma tu hiyo b imetoka wapi? Jina lake la pili, tekstiloma, hilo kweli lina oma, na bado si kansa.

Kuna wanaoniambia boma lenyewe si Kiswahili, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya utawala wa mkoloni. Mjerumani alikuwa anakaa kwenye boma lake Mikindani miaka mingi kabla Mwingereza hajaichukua Tanganyika, hicho kifupi kingetoka wapi?

Eti gozi linayeyuka lenyewe. Kinachoyeyuka ni baadhi ya nyuzi za kushonea, pamba haiyeyuki, msisubiri.

Eti kama faili limeandikwa hesabu ya gozi imetimia basi haiwezekani gozi kusahaulika. Inawezekana sana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 ulikuta kesi nyingi za vitu vilivyosahaulika hesabu ilikuwa imeandikwa sawa, na hatari inapanda operesheni ikiwa ya dharura au mpango ukibadilika katikati. Ndiyo maana orodha ya usalama ya WHO ya 2008, ambayo Ifakara ilikuwa moja ya sehemu nane zilizoijaribu duniani, inataka hesabu ya gozi, vyuma na sindano itamkwe kwa sauti kabla mgonjwa hajatoka thieta.

Na eksirei ikiwa safi msishangilie haraka. Gozi za thieta zinakuwa na uzi wenye bariamu ndiyo unaoonekana, kikitumika kitambaa kisicho na huo uzi eksirei haioni kitu, tunahitaji ultrasaundi au CT, na hata huko kinaweza kufanana na uvimbe wa kawaida kama mtu hajatuambia historia. Kwa hiyo ukija kupiga picha ya tumbo taja operesheni zote, hata ile ya uzazi ya miaka kumi iliyopita ambayo unaona haihusiki, na njoo na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali ya kila moja. Yule mama alikuwa nayo, imechakaa, ipo kwenye pochi pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na tarehe ya operesheni ilikuwa bado inasomeka.