Ufaransa na motahomu: lipime gari kwanza, ramani baadaye

Kila ikifika mwezi wa nne simu yangu haipumziki. Mimi ni fundi wa motahomu, yale magari yenye vitanda na jiko ndani, karakana iko Kent huku kusini mashariki ya Uingereza, kwenda Folkestone ni kamwendo kafupi tu, pale treni inakumeza na gari lako na baada ya dakika 35 uko Calais. Zamani wateja wote walikuwa wazee wa Kiingereza, siku hizi na sisi tumeamka, naletewa magari na Wabongo, Wakenya, Wangazija, watoto wamekua na likizo ya kulala hotelini wameichoka. Swali la kwanza ni lilelile kila mwaka: fundi, tupite njia gani? Na mimi nawajibu kwa swali, gari lako lina kilo ngapi? Wananiangalia kama nimewauliza mshahara.

Jamani, Ufaransa ni nchi rahisi kuliko zote nilizopita na haya magari. Wenyewe wanayaita camping-car, na wana sehemu zake za kulala zinaitwa aire, ziko maelfu, hata kijiji kidogo kabisa unakuta bomba la maji safi na tundu la kumwagia maji machafu pembeni ya uwanja wa mpira. Kwa hiyo shida haiko Ufaransa, shida mnatoka nayo nyumbani.

Tuanze na uzito. Motahomu nyingi zimesajiliwa kilo 3,500, hapo ndo mwisho wa leseni ya kawaida ya gari dogo. Muuzaji atakwambia una nafasi ya kubeba kilo 400, wewe unaona nyingi. Haya tuhesabu: tangi la maji lita 100, hiyo kilo 100. Mama na watoto wawili wakubwa, weka 180. Baiskeli nne na stendi yake, 70. Turubai la pembeni kilo 30, betri ya pili 25. Umeshafika 405 na hujaweka hata sufuria, achilia mbali ule mfuko wa unga wa kilo 20 mnaonificha kila mwaka (ndio, nauona, uko chini ya kitanda). Mzee mmoja nilimpeleka mwenyewe kwenye mizani, ikasoma 3,720, akabisha akasema mizani mbovu, tukaenda nyingine ikasoma hivyohivyo.

Dawa yake sio kuacha watoto. Punguza maji, safiri na lita 20 za kuoshea mikono, mengine utajaza ukifika. Halafu usipime jumla peke yake, pima ekseli, ule mhimili unaobeba tairi, ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, maana baiskeli zikining'inia huko nyuma kabisa zinafanya kazi ya mtarimbo, zinakandamiza ekseli ya nyuma huku zinainyanyua ya mbele, usukani unakuwa mwepesi halafu unajisifia eti gari laini. Siyo laini, tairi za mbele hazijakaa vizuri barabarani.

Na tukiwa hapohapo kwenye tairi, motahomu haichakazi tairi kwa kukimbia, inazichakaza kwa kusimama. Kashata zinang'aa kama mpya kumbe mpira umeshakauka. Angalia ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara, ukikuta 2317 maana yake wiki ya 23 mwaka 2017. Mimi ikivuka miaka saba siipeleki Ufaransa, hata mwenye gari akilia.

Kama gari lako linazidi kilo 3,500 kwenye makaratasi, hesabu zinabadilika. Leseni inabidi iwe na C1, lile daraja la magari mazito kidogo, mwendo kwenye barabara kuu za motokaa unashuka kutoka kilomita 130 kwa saa mpaka 110, na tangu Januari 2021 lazima ubandike zile stika za kuonya kuhusu sehemu ambayo dereva haoni, pembeni na nyuma, zimeandikwa angles morts. Ni stika za bei ndogo tu, faini yake euro 135.

Namba ya pili ni kimo. Chukua tepu ya kupimia ukipime kabisa, usisome kwenye kitabu cha gari, maana kitabu hakijui kwamba ulifunga sola na dishi. Andika kwa mita, Wafaransa futi na inchi hawazijui, karatasi ibandike kwenye kile kibao cha kuzuia jua mbele ya macho yako. Mimi fundi mzima niliwahi kuacha kidirisha cha paa huko Bretagne kwenye paking ya ufukweni, niliona bahari nikasahau kuangalia juu, kuna chuma kimewekwa mita mbili pale langoni mahsusi kwa ajili ya watu kama mimi. Mke wangu mpaka leo akiona chuma chochote anakohoa.

Kimo hichohicho ndo kinaamua utalipa ngapi barabara za kulipia. Chini ya mita mbili ni daraja la kwanza, kati ya mbili na tatu ni daraja la pili, ukifika tatu au ukizidi tani 3.5 unahamia la tatu. Motahomu nyingi za familia ni la pili, ila mashine wakati mwingine ikiona dishi juu inakupa la tatu, hapo usilipe kwa hasira, bonyeza kitufe cha kuongea useme classe deux, watakurekebishia. Na gari la Uingereza usukani uko kulia, kibanda kiko kushoto, kwa hiyo anayelipa ni abiria, mpe kadi mapema asianze kutafuta pochi watu wamepanga foleni nyuma. Ukiagiza kile kidude cha télépéage, kinachokulipia chenyewe, unapita tu. Halafu siku hizi kuna barabara hazina vibanda kabisa, A79 na ile ya Paris kwenda Normandie, A13 na A14, kamera inasoma namba yako na una saa 72 za kulipa mwenyewe kwa intaneti, wengi hawajui wanakuja kushangaa barua. Kama hutaki habari za kulipa, Bretagne barabara kuu zake ni za bure, na A75 inayoshuka kusini ni bure isipokuwa lile daraja la kuvuka bonde pale Millau, na hilo mimi nalipa kwa roho nyeupe.

Umeme sasa. Kule kambini watakuuliza unataka ampea ngapi, sita au kumi, na watu wanachukua sita kwa sababu bei yake ni ndogo. Ampea sita mara volti 230 unapata wati 1,380. Birika lako la nyumbani ni wati 2,000 na zaidi. Unawasha chai asubuhi, breka inakata, gari zima giza, na sanduku la breka limefungwa ofisini na ofisi inafunguliwa saa tatu. Nunua birika dogo la wati 800 au chemsha kwa gesi. Beba pia adapta ya plagi ya Kifaransa, kambi za zamani za manispaa hazina zile plagi kubwa za bluu.

Gesi inawaumiza zaidi kuliko vyote, maana mtungi wa Uingereza hubadilishiwi Ufaransa, hata ungewaonyesha risiti. Ama unatoka na mitungi miwili imejaa, ama unafunga ule wa kujazwa kwenye vituo vya mafuta, kule inaandikwa GPL. Na usiende milimani wakati wa baridi na gesi ya buteni, ikikaribia nyuzi sifuri inakataa kutoka kwenye mtungi, utakuwa na mtungi mzito na jiko halina moto, propeni ndo inayofaa. Wakati wa kuendesha funga mtungi, na kwenye treni hilo sio ombi.

Mkishafika, jueni tofauti ya kupaki na kupiga kambi. Gari likiwa limesimama kwenye sehemu halali, mmelala ndani, hamjatoa kitu nje, hapo mmepaki. Mkishusha turubai, mkatoa viti na meza, mkaweka vile vibao vya kunyanyulia tairi, mmepiga kambi, na kambi hairuhusiwi kila mahali. Ndo maana napenda France Passion, unanunua kitabu chao cha mwaka, unalala bure saa 24 kwa mkulima au mwenye shamba la mizabibu, ilimradi choo na maji machafu uwe navyo ndani ya gari. Hulazimiki kununua chochote ila ni ustaarabu kumsalimia mwenyeji, sio unafika usiku unaondoka alfajiri kama mwizi wa kuku.

Makaratasi kwa haraka: kuishi Uingereza hakukupi ruhusa ya kuingia nchi za Schengen, Ufaransa ikiwemo, mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla, msingoje wiki ya mwisho. Stika ya nchi nyuma ya gari ni UK, GB iliisha 2021. Koti la kung'aa likae mahali unapolifikia ukiwa bado umekaa, na pembetatu ya kuonyesha hatari. Stika ya Crit'Air ya miji yenye masharti ya moshi agiza kwenye tovuti ya serikali tu, ni euro chache. Ni kweli 2025 wabunge walipiga kura masharti hayo yafutwe, mabishano yakawa mengi, mimi yangu imebandikwa na imekaa. Nyama na maziwa kutoka Uingereza hairuhusiwi kuingiza, na bucha za halali kule zimejaa, mnabeba ya nini?

Tarehe angalieni Bison Futé, huduma ya Wafaransa ya habari za barabara, wanapaka siku rangi kulingana na foleni, kijani mpaka nyeusi. Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti Wafaransa wote wanashuka kusini kwa pamoja, siku hiyo kaa kijijini ule mkate.

Kuendesha kulia hakukusumbui siku ya kwanza, umekaza macho. Ni siku ya tatu, umetoka supamaketi, barabara tupu, mtoto anaulizia aiskrimu. Ndo maana kwenye ile karatasi ya kimo, chini yake nimeandika kwa kalamu nyekundu neno moja, KULIA.