Ukikata utumbo utapungua kilo ngapi?

Kwanza jina lenyewe. Watu husema "kukata utumbo", lakini kwenye slivu, upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa zaidi duniani, utumbo haukatwi kabisa. Kinachoondolewa ni robo tatu na ushee ya mfuko wa chakula, unabaki mfuko mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo huguswa kwenye baipasi: juu hutengwa kifuko cha kama mililita 30, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikiruka mwanzo wake.

Hesabu ya kilo huanzia hapo. Slivu hupunguza wastani wa asilimia 25 hivi ya uzito wote wa mwili ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, baipasi karibu asilimia 30. Chukua mama wa kilo 118 mwenye urefu wa mita 1.60. Kwa slivu atapungua kama kilo 29.5 na kubaki na 88.5. BMI yake, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita mara urefu huohuo, itashuka kutoka 46 hadi karibu 35. Sukari na presha huenda vikatulia, magoti yatapumua, lakini mwembamba hatakuwa. Ni afadhali alijue hilo kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam kwenda kupasuliwa.

Kuna asilimia nyingine inayowachanganya wengi: ya "uzito uliozidi". Kwa urefu huo, BMI ya 25 ni kilo 64, kwa hiyo mama huyu amezidisha kilo 54. Kilo zake 29.5 zinageuka asilimia 55. Mwenzake wa urefu uleule mwenye kilo 96 akipungua robo ya uzito wake, yaani kilo 24, anaandikiwa asilimia 75. Upasuaji ni mmoja, miili imeitikia sawasawa, ila wa pili anaonekana amefaulu zaidi. Mimi huuliza kwanza: asilimia ya nini?

Mengine yanayobadilisha makadirio ni umri, uvutaji sigara na kisukari, hasa cha miaka mingi kinachotumia insulini. Mwenye kisukari cha namna hiyo kwa kawaida hupungua kidogo kuliko wenzake. Kikokotoo cha SOPHIA kutoka Lille, Ufaransa, kilichochapishwa mwaka 2023, hutumia mambo saba tu: uzito, urefu, umri, sigara, kama una kisukari, umekuwa nacho miaka mingapi, na aina ya upasuaji. Ni kizuri, lakini kosa lake la kawaida kwa mwaka wa 5 ni karibu pointi 4.7 za BMI. Kwa mama wa mita 1.60 hizo ni kilo 12, juu au chini. Tena kiliundwa na kujaribiwa kwa takwimu za wagonjwa wa Ulaya, Amerika na Asia, si wa huku kwetu. Kwa hiyo mpe mtu masafa, usimpe namba moja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote huja baadaye: uzito wa mwezi wa tatu. Karibu nusu ya kilo zitakazotoka mwaka wa kwanza huwa zimeshatoka kufikia hapo. Mama wetu akiwa amepungua 14 au 15, yuko njiani. Akiwa amepungua 7, usingoje mwaka uishe; tafuta sababu sasa.

Ila pima kwa mzani uleule, asubuhi, baada ya kukojoa, kwa nguo nyepesi, kwenye sakafu ngumu iliyonyooka. Aliyewahi kuuza korosho Newala au Tandahimba hahitaji kuelezwa kwamba mizani miwili inaweza kugombana.

Sababu zenyewe za kupungua polepole? Angalia dawa: insulini, steroidi, baadhi ya dawa za akili, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kisha uliza kuhusu kudokoa. Mfuko mdogo huukataa ugali, lakini korosho moja moja hupita siku nzima bila kushibisha. Kiganja cha gramu 30 ni kama kalori 170. Vinne kwa siku ni karibu 700, na mtu ataapa kwamba hakula kitu. Soda, juisi na uji wa sukari huteleza vilevile.

Anayepungua kwa kasi kuliko makadirio asipongezwe haraka. Apimwe kifua kikuu. Kama anatapika kila siku, huenda njia ya chakula imebana, na vitamini B1 huisha ndani ya wiki chache: miguu inakufa ganzi, macho yanachezacheza, mtu anayumba. Huyo asisubiri tarehe ya kliniki Dar es Salaam. Aende hospitali iliyo karibu na aseme mapema kwamba alipasuliwa tumbo, ili achomwe B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi.