Sukari imepanda na chakula ni kilekile: simu inavyoweza kusaidia

Kliniki naulizwa karibu kila siku: "Dokta, nimekula vilevile, dawa nimekunywa, mbona sukari imepanda?" Nikiuliza wiki ilikuwaje, ndipo yanatoka: ada ya mtoto, msiba, kodi ya nyumba. Mtu akiwa na msongo wa mawazo, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli kwa wingi. Ini linaachia sukari liliyoiweka akiba, na insulini, homoni inayoshusha sukari, nayo inapungua nguvu. Kwa asiye na kisukari, kongosho hulirekebisha hilo. Kwa mwenye nacho, sukari inabaki juu.

Ndiyo maana naomba wagonjwa watumie simu zao, hata kiswaswadu. Kila unapopima, andika namba na maneno machache ya kilichokuwa kinaendelea. Wengine hujitumia SMS wenyewe. Mama mmoja muuza samaki alinionyesha zake: "7.2 nimelala vizuri. 12.6 wa kausha damu kapiga. 11.9 bado anapiga. 8.1 nimelipa." Siku hiyo tulizungumzia mikopo kuliko wali.

Sasa jambo ambalo programu nyingi za kutuliza akili hazilisemi. Mikono kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio: hizo ni dalili za wasiwasi, na ni hizohizo za sukari kushuka, kwa sababu adrenalini inahusika kote kuwili. Programu iliyotengenezwa bila kumfikiria mtu anayejichoma insulini itamwambia afumbe macho na avute pumzi. Kama sukari yake iko chini ya milimoli 4 kwa lita, pumzi haitamsaidia. Anahitaji gramu 15 za sukari inayoingia haraka mwilini, yaani nusu glasi ya juisi au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Asiye na mashine karibu atumie sukari hiyo bila kusubiri.

Namba ikiwa salama, hapo tupumue. Vuta kwa hesabu nne, toa kwa hesabu sita, kwa dakika tano, simu ikikuhesabia muda. Data zima kabisa, maana kundi la familia halitakuonea huruma.

Na wanaotutumia jumbe je? Senegal ilianza mwaka 2014, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, kutuma SMS za kisukari kipindi cha Ramadhani. Naona walichagua wakati vizuri, kwani mfungaji mwenye kisukari ana hofu zake: nikishuka kabla ya magharibi je? Ujumbe mfupi uliofika kabla ya hofu ni nafuu.

Lakini lugha ina uzito. "Hujapima leo! Kisukari huleta upofu" ni ujumbe unaopandisha sukari, kwa maoni yangu. Mimi huandika: "Shikamoo mama, umeamkaje? Leo kipi kinakuelemea?" Majibu huja, mengine ya sauti, mengine marefu kuliko nilivyotarajia, na humo ndimo napata kazi yangu.

Mara mojamoja natumia pia dodoso la PAID, lililochapishwa Marekani mwaka 1995. Lina maswali 20 kuhusu mzigo wa kuishi na kisukari, kila jibu kuanzia 0 hadi 4. Jumla huzidishwa kwa 1.25 ili kupata alama kati ya 100. Linajazika kwa simu bila shida, mtu akiwa kwake, bila foleni ya watu nyuma yake. Akifikisha 40 au zaidi, simtumii SMS nyingine. Nampigia, na tunapanga siku ya kuja kuonana.