Mbona Mwanangu Hapewi Hatamu?

Swali hili nimelijibu kwa upole, nimelijibu kwa kuchora mchangani, na leo naliandika ili atakayeniuliza tena nimpe asome. Darasa letu la jamii la kupanda farasi hapa Tanga ni la bei nafuu, farasi wachache, watoto wengi. Mzazi anasimama kivulini, anamwona mwanawe juu ya farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu, mikono kiunoni, hana hatamu, na anaona kama amepunjwa. "Mwalimu, huyu kaja kujifunza au kaja kupigwa picha?"

Chini ya swali hilo kuna dhana moja, nayo ndiyo inayonichosha kuliko zote: kwamba farasi huendeshwa kwa mdomo. Vuta kushoto, anakwenda kushoto. Vuta zote mbili, anasimama. Akikataa, vuta kwa nguvu zaidi. Yaani bodaboda yenye miguu minne. Sinema nazo zimechangia, maana kila shujaa anayefika mahali humnyonga farasi wake mpaka mdomo unapanuka, na watazamaji wanadhani huo ndio ustadi.

Lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu, hukaa kwenye pengo lisilo na meno, kati ya meno ya mbele na magego. Chuma kinalalia ulimi na ufizi, na chini ya ufizi ule mwembamba ni ukingo wa mfupa wa taya. Kama huamini kwamba panauma, chukua kijiko, kiweke juu ya ufizi wako wa chini, kisha ukandamize. Sasa fikiria mtu mzima akining'inia hapo kwa mikono miwili.

Farasi ni mnyama anayewindwa, na silaha yake ya kwanza ni mbio. Akiumizwa hakai kutafakari umekusudia nini, anayakimbia maumivu. Huinua kichwa, hukaza shingo, huegemea chuma, na mara nyingi huongeza mwendo. Mnyama wa kilo 400 mkishindana kuvutana, hakuna wa Ngamiani wala wa Chumbageni atakayemshinda.

Tena anayevuta hatamu huwa na hofu, na mwenye hofu hubana miguu. Basi visigino vinamwambia farasi nenda huku mikono inamwambia simama. Farasi maskini atii kipi? Mpole atasimama katikati ya uwanja akitingisha kichwa. Asiye mpole atarusha miguu ya nyuma, na wewe utakwenda kusimulia kwamba farasi wa Mwalimu ni mkorofi.

Ngozi ya farasi inahisi nzi mmoja akitua, na utaiona ikitetema mahali palepale alipotua. Mnyama wa namna hiyo anashindwaje kuhisi nyonga zako zilivyokaza au pumzi uliyoizuia? Kumsimamisha huanzia kwenye kiti, yaani jinsi unavyokaa: kaa wima, acha uzito ushuke kwenye matako, toa pumzi yote, miguu itulie ubavuni bila kubana. Mkono huja mwisho. Unafumba vidole, na akijibu tu unaachia papo hapo. Kule kuachia ndiko kunakomfundisha. Anayevuta bila kuachia amemnyang'anya farasi sababu ya kutii.

Kwa hiyo mtoto huanza kwenye kamba. Mikono kiunoni, kisha kichwani, kisha pembeni kama mbawa. Farasi akiingia matiti, yaani ule mwendo wa kudunda ulio kati ya kutembea na mbio, mtoto hujifunza kuinuka na kukaa kwa mdundo, maana katika matiti miguu hupiga kwa jozi za mshazari, moja-mbili, moja-mbili, na asiyeusikia mdundo huo hurushwa kama gunia. Mtoto ambaye bado hajapata mizani, ukimpa hatamu atazishika kama anavyoshika mlingoti wa daladala, na mlingoti huo ni kinywa cha mtu. Nasema mtu kwa makusudi. Siku atakapomsimamisha farasi mara tatu mfululizo kwa kiti na pumzi tu, hatamu atapewa bila mzazi kuja kuziomba.

Na nitarudia ushauri wangu ambao wengine huuchekea: mwambie aimbe. Taarabu, kasida, wimbo wa shule, chochote. Anayeimba hawezi kuzuia pumzi, na asiyezuia pumzi hakazi nyonga. Nina mwanafunzi mzima, baba wa watu, anayekwenda matiti vizuri akiwa katikati ya ubeti tu, akinyamaza anarukaruka. Basi aimbe.

"Je, farasi akishika mbio kwelikweli?" Hata hapo, kuvuta hatamu mbili kwa pamoja kunampa kitu cha kuegemea. Tumia moja, pole pole, umpeleke kwenye duara pana na uendelee kulipunguza. Usiivute hatamu ghafla akiwa kwenye shoti, yaani mbio kali, mtaanguka wote wawili.

Dhana nyingine nazijibu kwa ufupi.

Kwamba farasi haishi pwani kwa sababu ya mbung'o. Mbung'o ni hatari ya kweli, na msitu wa upande wa Saadani si mahali pa kumpitisha farasi ovyo. Stanley, yule msafiri aliyekwenda kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, na wote walikufa mwanzoni tu mwa safari, ingawa mwenyewe alipompasua mmoja aliona minyoo, hakumlaumu mbung'o. Mimi mjini nahofia zaidi usubi, wale wadogo wa magharibi na alfajiri, kwa sababu ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao hauna dawa ya kuponya. Punda huambukizwa na kwa kawaida hata hawaugui, ndiyo maana hoja ya "mbona punda wa jirani wanalala nje" hainifikishi popote.

Kwamba farasi anabeba yeyote. Kanuni inayofuatwa sana ni asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 400, basi kilo 80. Mzani upo langoni na sioni haya kuutumia. Ukizidi, yapo mafunzo ya chini, bila kupanda: kusugua, kuongoza, kutandika, na huko ndiko watu hujifunza farasi hasa.

Kwamba binti "ataharibika". Akina mama hunivuta pembeni kwa hili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitamka wazi kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama msichana ameshakutana na mwanamume. Tandiko haliwezi kumharibia binti kitu ambacho daktari mwenyewe hawezi kukisoma. Wasiwasi wenu mpelekeni kwenye mavazi: baibui linalopepea hunasa kwenye tandiko wakati wa kushuka, na pini za hijabu chini ya kofia ngumu ni hatari kichwa kikigonga chini. Suruali pana, kanzu fupi, mtandio unaobana usio na pini. Na viatu vya kufunika vyenye kisigino kifupi, mguu usije ukapenya kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Kandambili, hapana, hata ukilia.

Kwamba farasi mwenye jasho asinyweshwe maji. Hili nalisikia hadi kwa masaisi, watunza farasi wenyewe. Mpe maji, mmwagie na mwilini, mtembeze kivulini.

Na kwamba tunafunga saa kumi na moja jioni kwa sababu ya uvivu. Someni tena habari ya usubi. Anayefika saa kumi na moja na nusu atakuta farasi wameshaingizwa bandani, na sitamtoa hata mmoja.