"Utafiti umeonyesha", sawa, lakini asilimia ya nini? Soma hii kabla hujaacha dawa

Jamani tuongee kidogo. Malalamiko yanayofika mezani kwetu, sisi tunaosimamia dawa, yamebadilika sura siku hizi. Zamani watu walikuwa wanaleta shida ya dawa feki, dawa iliyobadilika rangi, vipele baada ya kumeza kidonge fulani. Sasa hivi simu nyingi zinaanza na "nimeona utafiti". Mtu ameona klipu ya nusu dakika inasema dawa fulani inaongeza hatari ya ugonjwa fulani kwa asilimia kadhaa, kesho yake ameacha dawa aliyoandikiwa, presha ikishapanda ndo anatupigia kuuliza kwa nini hatujaipiga marufuku hiyo dawa. Au kinyume chake, amesikia dawa mpya imepatikana, ameitafuta hajaipata, basi anaamini tunaificha.

Mimi niko upande wa kukagua majaribio ya dawa kwa binadamu na kufuatilia madhara dawa ikishaingia kwenye matumizi. Ushauri wa mgonjwa mmoja mmoja sitoi, hiyo ni kazi ya daktari mwenye faili lako, na nikisema chochote hapa kuhusu dawa fulani naomba kisichukuliwe kama ruhusa ya kuianza wala kuiacha. Ninachotaka ni tujue habari ya utafiti inasomwaje, maana watu wanaumia kwa habari ambazo ni za kweli kabisa.

Tuanze na asilimia. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la SELECT, la semaglutaidi, ile sindano ya kisukari ambayo sasa inatumika pia kupunguza uzito. Walikuwa watu 17,604 wa miaka 45 kwenda juu, wana uzito uliozidi, tayari wana ugonjwa wa moyo au mishipa, na hawana kisukari. Habari iliyosambaa ikawa "inapunguza hatari kwa asilimia 20". Ni kweli. Sasa angalia ndani. Kwenye kundi la plasebo, yaani waliopewa sindano isiyo na dawa, waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi au kufariki kwa moyo na mishipa walikuwa asilimia 8.0, na waliopata dawa walikuwa asilimia 6.5. Kwa maana nyingine, kwenye kila watu elfu moja, badala ya 80 kupatwa, walipatwa 65, hao 15 ndo waliookolewa kwa muda wa miaka zaidi ya mitatu. Ile 20 inatoka kwenye kugawanya, na 1.5 inatoka kwenye kutoa, zote sahihi ila zinajibu maswali tofauti. Na hapohapo walioacha dawa kwa sababu ya madhara, mengi yakiwa ya tumbo, walikuwa asilimia 16.6 dhidi ya 8.2 ya plasebo, hiyo sijaiona kwenye klipu hata moja.

Kwa mtu ambaye ameshapata mshtuko wa moyo, 15 kwa elfu ni kubwa na dawa inastahili kuongelewa na daktari wake. Kwa kijana mzima anayetaka kupungua kabla ya harusi, namba hizi hazimhusu kabisa, yeye hakuwemo kwenye jaribio. Swali la kwanza daima ni asilimia ya nini, la pili ni kwa nani. Sielewi kwa nini hili la pili watu wanalipuuza hivi.

Aspirini ndo inayonisumbua zaidi, kwa sababu haihitaji hata cheti kuinunua. Kuna watu wazima wazima, hawajawahi kuumwa moyo, wanameza kidonge kidogo kila siku kwa sababu jirani kasema inalainisha damu. Jaribio la ASPREE, matokeo yake yalitoka 2018, lilichukua wazee 19,114 wenye afya, wengi wa miaka 70 na zaidi, nusu wakapewa aspirini ya miligramu 100 nusu plasebo, wakafuatiliwa karibu miaka mitano. Aspirini haikuwaongezea maisha ya bila ulemavu, ila waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 3.8 dhidi ya 2.8. Sasa na hapa nimeshaona mtu anakimbia na hii habari upande wa pili, ana stenti, kijibomba kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi, kasikia "aspirini haisaidii", kaacha. Wewe mwenye stenti au uliyewahi kupata mshtuko SIO uliyefanyiwa ule utafiti, usiguse dawa yako bila daktari, damu inaweza kuganda kwenye stenti na hiyo ni hatari ya kifo.

Kwenye hatari iliyozidishwa mara nyingi nako watu wanajitisha bure. Mwaka 2022 watafiti walichambua kumbukumbu za zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani, wakapata 955 waliougua maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando wa neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Wakakuta kwamba kupata maambukizi ya kirusi cha Epstein-Barr kunapandisha hatari ya ugonjwa huo mara 32. Mara thelathini na mbili! Watu wakaanza kuuliza wapi wanapima hicho kirusi. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, kinaenea kwa mate, na wengi kabisa hawataugua ugonjwa huo maisha yao yote. Ukipima utakuta unacho na hakuna cha kufanya na hayo majibu. Thamani ya utafiti ule iko kwingine, ni kwamba umeonyesha kirusi kinatangulia na ugonjwa unafuata, sio kinyume, na mwaka huohuo kundi lingine likaonyesha njia mojawapo: kingamwili zinazotengenezwa kupambana na protini moja ya kirusi zinaweza kushika pia protini iliyoko kwenye ubongo kwa sababu zimefanana. Hilo linawapa watengenezaji wa chanjo pa kuanzia. Ni habari kubwa, ila ya maabara kwa sasa.

Na hili la maabara naomba tuliweke sawa maana nalieleza kila siku na kila siku linarudi. Kujua ugonjwa unavyofanya kazi hakumaanishi tumepata tiba. Miaka ya themanini ilijulikana kwamba mtu aliyepona mshtuko wa moyo akibaki na mapigo ya ziada ovyoovyo ana hatari kubwa ya kufa, na zilikuwepo dawa za kuyatuliza, enkainidi na flekainidi, na zilikuwa zinayatuliza kweli, ukiangalia karatasi ya kipimo cha moyo imekaa vizuri. Madaktari wakawa wanaziandika kwa nia njema kabisa. Likaja jaribio la CAST, mwaka 1989 likatoa majibu: kati ya wagonjwa 730 waliopewa dawa walifariki 56, kati ya 725 wa plasebo walifariki 22. Kipimo kilikuwa kizuri na watu walikuwa wanakufa. Bila kundi la plasebo hakuna ambaye angejua, maana kila kifo kingeandikwa "moyo".

Vilevile beta-karotini, ile ya kwenye karoti. Wanaokula mboga na matunda mengi walionekana wanapata saratani ya mapafu kidogo, na mantiki ya kinga ya seli ilikuwepo, basi wakapewa kama vidonge. Huko Finland wanaume wavutaji sigara 29,133, matokeo ya 1994, waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 ZAIDI. Jaribio lingine la Marekani likasimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake kwa sababu hiyohiyo, saratani ilikuwa juu kwa asilimia 28. Kwa hiyo ukiniambia "lakini ni cha asili hakiwezi kudhuru", samahani, hapo sina subira, tuna watu halisi waliodhurika.

Korona nayo mnaikumbuka. Haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, iliua kirusi kwenye seli za maabara, watu wakajaza mabegi. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, 2020, likakuta waliolazwa na kupewa dawa hiyo walifariki asilimia 27 na waliopata huduma ya kawaida asilimia 25, haikuokoa. Jaribio hilohilo likaipima deksamethazoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vikashuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, faida kubwa mno. Lakini kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni hapakuwa na faida yoyote, na namba zilielekea upande mbaya. Dawa ileile, ugonjwa uleule, hatua tofauti. Sababu yake inaeleweka, mwanzoni unahitaji kinga yako ipambane na kirusi, baadaye kinga yenyewe ndo inaharibu mapafu, na deksamethazoni inaituliza. Ndo maana waliokuwa wanaimeza nyumbani siku ya kwanza ya homa tulikuwa tunawaomba waache.

Sasa niende kwenye "mnatuficha dawa". Nitaeleza utaratibu wote kwa sababu nadhani lawama nyingi zinatoka kwenye kutoujua. Dawa ikishapita maabara na wanyama inaingia awamu ya 1, watu wachache, tunaangalia usalama na dozi. Awamu ya 2 ni wagonjwa kadhaa, mara nyingi mamia, kuona kama kuna dalili inafanya kazi. Awamu ya 3 ndo kubwa, mamia hadi maelfu, inalinganishwa na plasebo au dawa iliyopo. Kabla ya mtu yeyote kuchomwa, kamati ya maadili inapitia itifaki (mpango mzima wa jaribio), fomu ya ridhaa, bima ya washiriki, na inaweza kurudisha ombi lote kwa sababu fomu ya ridhaa imeandikwa kwa lugha ambayo mshiriki haielewi. Msingi wake ni Azimio la Helsinki la 1964, ambalo lilipitiwa upya Oktoba 2024. Jaribio linasajiliwa kwenye rejista ya wazi kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia, tukitaja kabisa ni matokeo gani yatapimwa, ili mtu asije akabadilisha swali baada ya kuona majibu. Likitokea dhara lisilotarajiwa ambalo limeua au kuhatarisha maisha na linashukiwa kutokana na dawa, mdhamini, yaani kampuni au taasisi yenye jaribio, ana siku 7 za kalenda kuripoti, na taarifa kamili ndani ya siku 8 zinazofuata, madhara mengine makubwa yasiyotarajiwa ni siku 15. Siku za kalenda, sio za kazi, hata sikukuu inahesabika. Na kuna bodi huru ya usalama inayoona data wakati jaribio linaendelea na ina nguvu ya kulisimamisha, kama lile la beta-karotini.

Adhabu zipo na zinatumika. Marekani sheria ya 2007 inataka matokeo yawekwe wazi kwa kawaida ndani ya miezi 12 baada ya kukamilika kwa kipimo kikuu, ukipewa notisi na siku 30 zikapita hujarekebisha, sheria hiyo iliweka faini ya hadi dola 10,000 kwa kila siku. Eric Poehlman, mtafiti wa unene na uzee, alitengeneza data za uongo kwenye maombi ya ruzuku, 2006 akahukumiwa jela mwaka mmoja na siku moja. He Jiankui wa China aliyehariri jeni za viinitete ambavyo baadaye vilizaliwa watoto, 2019 akahukumiwa miaka mitatu na faini ya yuani milioni 3.

Utaratibu huo haumaanishi kuchelewesha. Lenakapavia, sindano ya kujikinga na VVU mara mbili kwa mwaka: jaribio la PURPOSE 1 lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake vijana, kati ya 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, wakati kwenye kundi moja la vidonge vya kila siku waliambukizwa 16 kati ya 1,068. Matokeo yalitangazwa Juni 2024, Juni 2025 Marekani ikaidhinisha, Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo. Mwaka mmoja! Ila ni ya kuzuia, kwa mtu asiye na VVU, na lazima upimwe kwanza, kwa sababu ukichomwa hiyo peke yake ukiwa tayari umeambukizwa kirusi kinaweza kujenga usugu.

Basi, kama umeona habari na imekutia hofu kuhusu dawa unayotumia, endelea nayo, piga simu au nenda kituo cha afya na hiyo habari mkononi. Kama una dalili mbaya sasa hivi, kuvimba uso, kushindwa kupumua, kuvuja damu, hiyo ni ya hospitali mara moja, sio ya kupiga simu. Kama umeshaiacha, usirudi kwa dozi kubwa kufidia, kuna dawa zinaanzwa upya kidogokidogo.

Na kama unadhani dawa imekudhuru, tuletee taarifa, huhitaji uthibitisho, shaka inatosha. Tunahitaji jina la dawa, ulianza lini, dalili ilianza lini, dawa nyingine unazotumia pamoja na za mitishamba, na bechi namba, yaani namba ya fungu la dawa lililotengenezwa pamoja. Kwa hiyo boksi usilitupe, bechi namba imechapwa pembeni karibu na tarehe ya kuisha muda, piga picha ututumie.